Vinasaba vyafichua ulimwengu wa vijidudu, kutoka Ziwa Tanganyika hadi tumbo la mwanadamu

Sehemu kubwa ya viumbe hai duniani haionekani kwa macho, na kwa zaidi ya karne moja wanasayansi hawakuweza hata kuviotesha vingi vya viumbe hivyo katika maabara. Mbinu za kusoma vinasaba zilizoanza kutumika katika miaka ya 1970 na 1980 zimebadili hali hiyo. Leo maji ya ziwa, udongo wa shamba, kinyesi cha binadamu au mwili wa mbu vinaweza kuchunguzwa na kueleza ni viumbe gani vinaishi humo na vinafanya kazi gani. Makala hii inaeleza mbinu hizo zilivyoanza, zinavyofanya kazi, zilichogundua Afrika Mashariki, na maswali zinayoibua kuhusu nani anufaike na ugunduzi huo.

Ziwa lenye maji ya namna mbili

Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Zambia. Lina kina cha mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Mvuvi wa Kigoma, Uvira au Bujumbura anayewasha taa usiku kuwavuta dagaa anafanya kazi juu ya tabaka jembamba tu la ziwa hilo. Hewa ya oksijeni inapatikana katika mita 100 hadi 200 za juu. Chini ya hapo, kwa zaidi ya kilomita moja, maji hayana oksijeni na samaki hawawezi kuishi. Wanasayansi wanasema hakuna mkusanyiko mwingine wa maji baridi yasiyo na oksijeni ulio mkubwa kama huo juu ya uso wa dunia.

Hata hivyo, maisha ya juu yanategemea yale ya chini. Mabaki ya viumbe hushuka na kuzama. Huko chini vijidudu huyavunjavunja na kurejesha nitrojeni, fosforasi na salfa katika hali inayoweza kutumika tena. Pepo za kusi, zinazovuma kati ya mwezi Mei na Septemba, huyasukuma maji ya juu na kuyawezesha maji ya chini yenye rutuba kupanda, hasa upande wa kusini wa ziwa. Rutuba hiyo ndiyo inayolisha mimea midogo ya majini, mimea hiyo hulisha wanyama wadogo, na hao hulisha dagaa.

Mfumo huo unabadilika. Maji ya juu yanapopata joto zaidi huwa mepesi, na inakuwa vigumu kuchanganyika na maji mazito ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi katika ziwa hilo umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Uvuvi wa kupita kiasi nao umechangia, na watafiti wamekuwa wakijadiliana kuhusu uzito wa kila sababu. Lakini swali moja lilibaki bila jibu kwa miaka mingi: ni viumbe gani hasa vinavyofanya kazi ya kurejesha rutuba huko kwenye giza?

Kwa nini sahani ya maabara haikutosha

Mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alikuwa mtu wa kwanza kueleza kwa kina vijidudu alivyoviona kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe, katika miaka ya 1670. Lakini kuviona si kuvitambua. Bakteria wengi wana umbo la kijiti au la mviringo, na bakteria wawili wanaofanana kwa sura wanaweza kuwa mbali kiukoo kuliko mwanadamu na mti wa muembe.

Katika miaka ya 1880, daktari Mjerumani Robert Koch na wasaidizi wake waliweka msingi wa njia iliyotawala kwa karne nzima: kuotesha bakteria wa aina moja peke yake juu ya chakula kigumu. Chakula hicho kiligandishwa kwa agari inayotokana na mwani, kwa ushauri wa Fanny Hesse, aliyekuwa akiitumia jikoni kwake. Kwa njia hiyo visababishi vya kifua kikuu, kipindupindu na maradhi mengine vilitambuliwa, na mamilioni ya watu wameokolewa.

Njia hiyo ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Watafiti walipohesabu bakteria wa majini au wa udongoni kwa hadubini, kisha wakahesabu waliokubali kuota katika sahani, tofauti ilikuwa ya kushangaza. Mara nyingi, katika kila bakteria 100 walioonekana, aliyeota hakuzidi mmoja. Mwaka 1985 wanasayansi James Staley na Allan Konopka walilipa jambo hilo jina linalotumika hadi leo, wakiliita kitendawili kikuu cha hesabu ya sahani.

Sababu ni nyingi. Baadhi ya vijidudu huishi mahali pasipo na oksijeni. Vingine hukua polepole mno, na vinavyokua haraka huvimeza. Vingine huzoea maji yenye chakula kidogo sana, na sahani ya maabara iliyojaa sukari huviua. Vingine haviwezi kuishi bila jirani anayevipatia kitu fulani. Kuelewa jamii ya vijidudu kwa kutazama vile vinavyoota tu ni sawa na kuuelezea mji wa Dar es Salaam kwa kuwahoji wakazi wa nyumba moja.

Jeni inayofanya kazi ya kitambulisho

Mlango mwingine ulifunguliwa na Carl Woese wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kila seli hai ina viwanda vidogo viitwavyo ribosomu ambavyo hutengeneza protini. Kwa kuwa kila kiumbe kinavyo, Woese aliona kwamba sehemu zake zinaweza kulinganishwa ili kujua undugu wa viumbe vyote. Mwaka 1977 yeye na mwenzake George Fox walitangaza matokeo yaliyowashangaza wengi: baadhi ya vijidudu vilivyoitwa bakteria havikuwa bakteria hata kidogo. Vilikuwa kundi la tatu la uhai, ambalo sasa linaitwa arkea.

Sehemu iliyopendelewa zaidi ni jeni ya 16S, yenye urefu wa takriban herufi 1,500 za kinasaba. Namna inavyofanya kazi inaweza kulinganishwa na khanga. Kila khanga ina pindo, mji na jina. Mpangilio huo haubadiliki, na ndio unaomfanya mtu aitambue khanga popote aionapo. Lakini jina, yaani maneno yaliyoandikwa, hutofautiana. Jeni ya 16S nayo ina sehemu zinazofanana karibu katika bakteria wote, na sehemu tisa zinazotofautiana. Sehemu zinazofanana humpa mtafiti mahali pa kushika. Sehemu zinazotofautiana humwambia ni nani aliye mbele yake.

Katika miaka ya 1980, Norman Pace na wenzake walipiga hatua nyingine. Walisema hakuna haja ya kumwotesha kijidudu kwanza. Vinasaba vinaweza kuchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye maji, matope au udongo.

Mchango wa chemchemi ya maji moto

Kikwazo kilichobaki kilikuwa uchache wa vinasaba hivyo. Suluhisho lilitokana na kijidudu kingine. Mwaka 1966, Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua sampuli katika chemchemi za maji moto za hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Humo walimpata bakteria waliyempa jina la Thermus aquaticus, anayestawi katika joto la takriban nyuzi 70 za Selsiasi.

Mwaka 1983 Kary Mullis, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Cetus huko California, alibuni njia ya kunakili kipande cha kinasaba mara nyingi, ijulikanayo kwa kifupi kama PCR. Sampuli hupashwa moto na kupoozwa mara kwa mara, na katika kila mzunguko idadi ya nakala huongezeka maradufu. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni moja. Moto huo uliharibu vimeng'enya vya kawaida, lakini kimeng'enya cha bakteria wa Yellowstone kiliuhimili. Mullis alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Ni njia hiyo hiyo iliyotumika kupima virusi vya Korona duniani kote kuanzia mwaka 2020.

Kutoka ndoo ya maji hadi kompyuta

Kwa kawaida uchunguzi wa jamii ya vijidudu hupitia hatua zifuatazo:

1. Kuchukua sampuli. Maji huchujwa kwa chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hunasa. Udongo au kinyesi huwekwa katika vichupa safi. Sampuli hugandishwa au kuhifadhiwa kwa dawa, kwa sababu zikikaa katika joto jamii nzima hubadilika.

2. Kutoa vinasaba. Seli hupasuliwa kwa kemikali, au kwa kutikiswa pamoja na shanga ndogo ngumu, kisha vinasaba husafishwa.

3. Kunakili au kusoma moja kwa moja. Mtafiti anayetaka orodha ya waliomo hunakili jeni ya 16S kwa PCR. Anayetaka kujua kazi zao husoma vinasaba vyote vilivyomo bila kuchagua. Njia hii ya pili huitwa metajenomiki, na neno hilo lilitokana na Jo Handelsman na wenzake mwaka 1998.

4. Kusoma herufi. Mashine husoma mamilioni ya vipande kwa wakati mmoja. Mashine za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 2005, na gharama ya kusoma ikashuka kwa kasi.

5. Kuunganisha na kulinganisha. Kompyuta huvipanga vipande kulingana na mahali vinapoingiliana. Kazi hiyo inafanana na kukusanya barua mia kadhaa zilizochanwachanwa na kuchanganywa katika gunia moja, kisha kujaribu kurudisha kila moja kama ilivyokuwa. Matokeo hulinganishwa na hazina za kumbukumbu za vinasaba.

Mfano wa mapema wa uwezo wa mbinu hizo ulitoka Bahari ya Sargasso katika Atlantiki. Mwaka 1990 Stephen Giovannoni na wenzake waliripoti kwamba jeni za 16S za huko zilionyesha kundi la bakteria ambalo halikuwa limejulikana. Kundi hilo, lililoitwa SAR11, sasa linahesabiwa kuwa miongoni mwa viumbe vilivyo vingi zaidi duniani. Ilichukua hadi mwaka 2002 kwa watafiti kufanikiwa kuliotesha. Mwaka 2004 Craig Venter alirudi katika bahari hiyo akiwa na mbinu ya metajenomiki, na timu yake ikatangaza jeni mpya zaidi ya milioni 1.2.

Matokeo ya Ziwa Tanganyika

Mwaka 2021 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, na wenzao walichapisha uchunguzi wa metajenomiki wa Ziwa Tanganyika, kutoka juu hadi kwenye vina visivyo na oksijeni. Kutokana na vinasaba vilivyochanganyika waliweza kuunda upya jenomu 523 tofauti, kutoka faila 34 za bakteria na arkea. Nyingi zilikuwa za makundi yasiyoonekana mara kwa mara katika maziwa ya maji baridi.

Tofauti kati ya tabaka hizo mbili ilikuwa kubwa. Juu waliishi bakteria wa kawaida wa maziwani. Chini walitawala arkea pamoja na makundi ambayo hakuna aliyewahi kuyaotesha. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba uwezo wa kuzungusha nitrojeni na salfa umejaa katika viumbe vya maji ya chini. Kwa maneno mengine, kina hicho kinachoonekana kama kaburi kwa samaki ndicho karakana inayotengeneza rutuba inayopanda juu. Humo pia kuna viumbe vyenye uwezo wa kutoa oksidi ya nitrojeni, mojawapo ya gesi zinazoongeza joto duniani.

Mawili kati ya makundi hayo yalipewa majina yatakayomfurahisha msemaji wa Kiswahili. Moja linaitwa Tanganyikabacteria, ambalo ni jamaa wa bakteria watumiao mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Jingine linaitwa Ziwabacteria, kutokana na neno "ziwa".

Umuhimu wa kazi hiyo haumo katika majina. Wataalamu wanaotaka kutabiri hali ya dagaa na migebuka katika miaka ijayo sasa wana orodha ya viumbe vinavyohusika na rutuba, na wanajua vinaishi katika kina gani. Ikiwa tabaka lisilo na oksijeni litapanda juu kutokana na joto, watajua ni kazi gani zitaongezeka na zipi zitapungua.

Katika ziwa hilo hilo mbinu hizi zimetumika pia kuwahesabu wanaoonekana. Samaki huacha magamba, ute na kinyesi majini, na ndani yake mna vinasaba. Mwaka 2020 watafiti walieleza jinsi walivyozitambua jamii za samaki wa Ziwa Tanganyika, wakiwemo jamaa wa sato, ambao wana zaidi ya spishi 200 humo, kwa kuchota maji tu.

Tumbo la Mhadzabe

Jamii nyingine ya vijidudu iko ndani ya mwili. Kwa mujibu wa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016, mwanamume wa kawaida ana seli za bakteria takriban trilioni 38, dhidi ya seli zake mwenyewe takriban trilioni 30. Wengi wao wako katika utumbo mpana, ambako husaidia kusaga nyuzinyuzi, kutengeneza baadhi ya vitamini na kuufundisha mfumo wa kinga.

Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, wamekuwa na nafasi ya pekee katika utafiti huo. Baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kukusanya ubuyu na matunda ya porini. Mwaka 2014 timu ya kimataifa ililinganisha vinasaba vya kinyesi cha Wahadzabe 27 na vya Waitaliano 16. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Aidha, bakteria wa kundi la Bifidobacterium, ambao huuzwa Ulaya kama kinga ya tumbo, hawakuonekana kwa Wahadzabe wazima, na hali hiyo haikuwa dalili ya ugonjwa.

Utafiti wa mwaka 2017 uliotumia sampuli 350 kutoka kwa Wahadzabe 188 uligundua jambo jingine. Baadhi ya bakteria hupungua hadi kutoonekana katika msimu wa mvua, kisha hurudi wakati wa kiangazi, sambamba na mabadiliko ya chakula. Makundi hayo yanayokuja na kuondoka ndiyo hasa yaliyo adimu kwa wakazi wa nchi zenye viwanda. Watafiti wanajiuliza kama upotevu huo una uhusiano na kuenea kwa maradhi kama kisukari, mzio na uvimbe wa utumbo. Uhusiano umeonekana katika tafiti nyingi, lakini kuonekana pamoja si uthibitisho kwamba kimoja kimesababisha kingine.

Kijidudu kinachozuia malaria

Ugunduzi mwingine ulitangazwa mwezi Mei 2020 na wanasayansi wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao makuu Nairobi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, Uingereza. Walipochunguza vinasaba vilivyomo katika mbu aina ya Anopheles arabiensis nchini Kenya, walikuta kijidudu cha jamii ya kuvu walichokiita Microsporidia MB. Mbu waliokuwa nacho hawakupatikana na vimelea vya malaria.

Kijidudu hicho hurithishwa kutoka kwa mbu mama hadi kwa watoto wake, na hakikuonekana kumdhuru mbu mwenyewe. Hilo limefungua matumaini kwamba siku moja kinaweza kuenezwa makusudi ili mbu wabaki lakini wasiambukize. Kwa kawaida kinapatikana kwa mbu wachache tu, na kabla ya kukitumia watafiti wanapaswa kujua kinavyoenea na athari zake kwa mazingira. Bila kusoma vinasaba, kijidudu hicho kingeendelea kuishi katika mbu pasipo mtu kujua.

Mipaka ya mbinu hizi

Wataalamu wenyewe wanatahadharisha kwamba vinasaba navyo vinaweza kupotosha.

Kwanza, kinasaba hubaki baada ya mwenyewe kufa. Kukipata katika maji hakuthibitishi kwamba kiumbe kilikuwa hai siku hiyo.

Pili, bakteria mmoja anaweza kuwa na nakala moja ya jeni ya 16S na mwingine akawa na zaidi ya kumi. Anayehesabu jeni anaweza kudhani huyo wa pili ni wengi kuliko walivyo.

Tatu, kuna uchafuzi. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba hata dawa zinazouzwa kwa kazi hiyo huwa na chembe za vinasaba vya bakteria. Sampuli ikiwa na vijidudu vichache, mtafiti anaweza kutangaza ugunduzi uliotoka katika chupa ya dawa. Ndiyo maana maabara makini hupima pia sampuli tupu.

Nne, kujua kwamba jeni ipo si kujua kwamba inafanya kazi. Kwa hiyo uoteshaji wa zamani haujafa. Wanasayansi wa Japan walitumia takriban miaka 12 kumwotesha arkea mmoja kutoka matope ya bahari kuu, na walipochapisha matokeo mwaka 2020 dunia iliona kwa mara ya kwanza umbo la jamaa wa karibu wa mababu wa seli za wanyama na mimea.

Tano, hazina za kumbukumbu zina upendeleo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulibaini kwamba zaidi ya asilimia 70 ya sampuli za vijidudu vya binadamu zilizojulikana asili yake zilitoka Ulaya, Marekani na Canada, ambako wanaishi takriban asilimia 14 tu ya watu wote duniani. Dawa au ushauri wa lishe unaotokana na hazina hizo unaweza usimfae mtu wa Mwanza au Gitega.

Nani ananufaika?

Afrika Mashariki ina sababu ya kulizingatia swali hilo. Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Bogoria, Magadi na Natron, yana maji makali ambayo viumbe wengi hawawezi kuyastahimili. Vijidudu vinavyoishi humo vina vimeng'enya vinavyofaa katika sabuni na utengenezaji wa nguo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza kudai sehemu ya mapato ya bidhaa zilizotokana na vijidudu vya maziwa hayo, likisema vilichukuliwa bila idhini yake. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini mkataba wa ushirikiano na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu matumizi ya vijidudu vya hifadhi za Kenya.

Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, unataka anayechukua rasilimali za vinasaba apate idhini na agawane faida na nchi husika. Lakini teknolojia imelipita neno "kuchukua". Leo sampuli inaweza kubaki Nairobi huku herufi zake zikisafiri kwa intaneti hadi Boston au Shanghai, na kampuni ikatengeneza kimeng'enya bila kuligusa ziwa. Baada ya mazungumzo ya miaka mingi, Mfuko wa Cali ulizinduliwa Februari 2025 ili makampuni yanayonufaika na taarifa hizo za kidijitali yachangie uhifadhi wa viumbe. Michango hiyo ni ya hiari.

Kwa mwanafunzi au mtafiti anayeishi ng'ambo na anayetaka kuchukua sampuli nyumbani, utaratibu upo. Kibali cha utafiti hutolewa na tume ya sayansi COSTECH nchini Tanzania na NACOSTI nchini Kenya, na kusafirisha sampuli nje ya nchi huhitaji vibali vya ziada.

Wakati huo huo, uwezo wa kufanya kazi hiyo papo hapo unaongezeka. Kifaa cha kusomea vinasaba kinachotosha katika kiganja cha mkono kilitumika nchini Guinea mwaka 2015 wakati wa mlipuko wa Ebola. Tangu mwaka 2017 kifaa cha aina hiyo kimetumika pia Tanzania, Uganda na Kenya kutambua virusi vya muhogo, na wakulima wakapata majibu ndani ya saa 48 badala ya kungoja miezi kadhaa sampuli zirudi kutoka nje.

Maneno yaliyotumika

Arkea: kundi la viumbe vyenye seli moja vinavyofanana na bakteria kwa umbo, lakini vyenye asili tofauti.

Faila: kundi kubwa la uainishaji wa viumbe. Wanyama wote wenye uti wa mgongo wanaingia katika faila moja, hivyo faila 34 ni tofauti kubwa sana.

Jenomu: jumla ya vinasaba vyote vya kiumbe kimoja.

Kimeng'enya: protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali.

Metajenomiki: usomaji wa vinasaba vya viumbe vyote vilivyomo katika sampuli kwa pamoja.

PCR: njia ya kunakili kipande cha kinasaba mara nyingi kwa kukipasha moto na kukipooza.

Karne moja ya sahani za maabara iliwafundisha wanasayansi jinsi ya kupambana na kijidudu kimoja kimoja. Mbinu za vinasaba zimewaonyesha kwamba vijidudu vingi si maadui, na kwamba haviishi peke yake. Kwa nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, kazi iliyobaki ni kurudia vipimo hivyo mwaka hadi mwaka, kwa mikono ya wataalamu wao wenyewe, ili mabadiliko ya huko chini yajulikane kabla hayajaonekana katika nyavu za wavuvi.